Yaya wa Mfalme Ndani ya Manowari ya Mateka

Hille na mama mkwe wake hawakuwa wakiiva chungu kimoja. Tangu siku alipoolewa na Pouwels na kuingia katika nyumba ile nyembamba nyuma ya gati la Hellevoetsluis, mji wetu wa bandari hapa Uholanzi, Bi Machtelt alikuwa na neno juu ya kila kitu: supu ina maji mengi, shuka zina mikunjo, dirisha limefutwa upande mmoja. Akikosa la kusema juu ya Hille, alisema juu ya mama yake Hille, ambaye alikwisha kufa na hakuweza kujitetea. Hille naye hakuwa bubu. Majirani walizoea kusikia sauti mbili zikipandana tangu asubuhi, na sauti ya tatu, ya Pouwels, ikisema, "Jamani, jamani," bila mtu kuijali.

Huenda wangeendelea hivyo mpaka mmoja amzike mwenzake, lau wanamaji wetu wasingekwenda Uingereza kiangazi kile kuiba meli.

"Kuiba" ndilo neno alilotumia Hille, na alilitumia kwa fahari. Mabwana wa jeshi walisema "kuteka." Mchungaji alisema Mungu ametutendea makuu. Lakini Hille aliuliza: mtu akiingia ukumbini kwako umelala, akaondoka na kiti chako kizuri kuliko vyote, utasema amekiteka? Wanamaji wetu waliupanda mto wa Waingereza, wakaupita mnyororo uliotandazwa kuwazuia, wakaikuta manowari kubwa kuliko zote, ile iliyobeba jina la mfalme wao, haina hata watu wa kutosha kupiga kelele. Wakaifunga kamba. Maji ya mto yalikuwa machache na mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, ulishuka chini mno, basi wakailaza ubavu na kuipitisha juu ya mafungu ya mchanga kama mlevi anayetolewa mlangoni mabegani mwa rafiki zake. Wakaja nayo nyumbani, kila mzinga wa Hellevoetsluis ukinguruma na kila mbwa akibweka.

Kelele zilipokwisha, watu wakaanza kuulizana: sasa tufanye nayo nini?

Maana bahari yetu ni mchanga uliomwagiwa maji juu. Ndiyo sababu mafundi wetu huunda manowari pana, zenye tumbo bapa kama la bata, zipate kupita mahali ambapo mtu mrefu angekaribia kuvuka kwa miguu. Waingereza wana bandari zenye kina, kwa hiyo huunda meli zinazoshuka chini kadiri wapendavyo, wakapandisha sitaha tatu za mizinga juu yake, na huko nyuma wakapaka dhahabu mpaka macho yaume. Katika maji ya kwao chombo kile kilikuwa simba. Kwetu kilikuwa tembo ndani ya beseni. Kikisogea kidogo, kimekwama.

Basi wakakifunga gatini, wakamweka Pouwels awe mlinzi wake.

Pouwels alikuwa fundi wa meli, mtu mpole, mrefu, mwenye pua kubwa ya ukoo na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kusema uongo. Si kwamba aliuchukia. Ulimkwama tu kooni kama mwiba wa samaki. Watu walipoanza kumiminika kwa mashua kutoka Rotterdam, Delft na Leiden, wamevaa nguo za Jumapili, wamekuja kuicheka meli ya mfalme, Pouwels aliwapokea kwa ukweli mtupu. Aliwaonyesha mbavu za meli. Aliwaeleza jinsi mkuku wa kina unavyoishikilia meli isisukumwe upande na upepo, na kwa nini milango ya mizinga ya chini, ikikaa karibu mno na maji, ni hatari bahari ikichafuka. Mke wa muuza vitambaa mmoja wa Delft alisinzia wima.

"Wanakuja kucheka," Hille alimwambia. Yeye alikuwa akiuza mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, waliokaushwa kwa moshi chini ya ngazi, na aliwaona wageni wakishuka. "Wewe unawapa somo. Wanashuka kama watu wanaotoka mazishini."

"Mkuku ndio roho ya meli yote," alisema Pouwels.

"Mkuku hauchekeshi, mume wangu."

Haukupita muda, Pouwels akiwa anamwonyesha daktari mmoja wa Leiden jinsi mbao zilivyoungwa, alirudi nyuma zaidi ya alivyopaswa akatumbukia kwenye tundu la sitaha. Mguu ukaumuka kama mkate. Daktari, ambaye angalau alipata kitu cha kumchangamsha, akamwamuru asiukanyagie mpaka uvimbe uishe. Kesho yake wageni walijaa gatini kama kawaida. Hille akavua aproni yenye harufu ya mkunga, akachukua funguo, akapanda.

Mwanzoni alijaribu kusema kama mumewe. Alipofika kwenye mbavu alisahau. Mwanamke mnene wa Rotterdam, mwenye kola nyeupe iliyomkaa shingoni kama sahani, akamkata kauli.

"Mambo ya mbao tumesikia, dada. Mfalme alilala wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Kila mtu alijua kwamba mfalme yule, enzi alipokuwa hana kiti wala nchi, aliwahi kukaa kwetu akila mkate wetu. Na siku Waingereza walipomtaka tena, alipanda meli hii hii kwenye pwani yetu akaenda zake. Shukrani yake ikawa kutupiga vita. Watu walitaka kuona alipolaza ubavu wake. Hille akawaongoza mpaka chumba kikubwa cha nyuma. Kilikuwa kitupu. Wanamaji wetu walikwisha kubeba viti, mapazia, hata vitasa vya milango.

"Mbona sioni kitanda?"

"Kimetolewa kupigwa jua," Hille akajibu pale pale. "Wafalme wa Uingereza wana viroboto, mama. Wakubwa kama zabibu kavu."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Viroboto wa kifalme!" walisema. "Waliovishwa taji!"

"Wiki ijayo narudi na dada zangu tukione," alisema yule wa Rotterdam, akifuta machozi.

"Karibuni sana," alisema Hille, huku akianza kuipekua nyumba yake kichwani, maana sasa alihitaji kitanda.

Nyumbani kilikuwako kimoja tu ambacho mtu angeweza kudhani mfalme amekilalia. Kilikuwa cha mwaloni, nguzo zimechongwa maua na malaika, na mapazia yake ya kijani yalikuwa yamepauka kwa heshima. Bi Machtelt alikuja nacho siku ya harusi yake, na mpaka siku hiyo alikuwa anakilalia.

"Hapana," alisema Bi Machtelt kabla Hille hajamaliza kueleza.

"Ni kwa muda mfupi tu, Mama."

"Nilimzaa mumeo humo. Nitafia humo. Kikitoka utanilaza wapi, kwenye kapu la mikunga?"

"Jamani," alisema Pouwels, mguu wake juu ya kiti.

"Watakiinamia, Mama," Hille akaendelea. "Mabibi wa Rotterdam wenye lulu masikioni. Watakishikashika wakisema hawajaona kitanda kama hiki maishani mwao."

Hilo lilimgusa Bi Machtelt. Tangu mumewe afariki, hakuna mtu aliyekisifu kitanda chake.

"Kitakwenda," alisema hatimaye. "Ila na mimi naenda nacho."

Hille alidhani ni maneno ya hasira tu. Lakini wachukuzi walipokipandisha melini, Bi Machtelt alipanda nyuma yao, mto kwapani na chungu chake cha haja mkononi. Akatandika, akaingia, akafunga mapazia. Alisema chumba kile hakina moshi wa jikoni, hakina kelele za mkaza mwana, na kina madirisha mazuri kuliko nyumba ya tajiri yeyote wa mji. Hakuwa na haraka ya kuondoka.

Kwa hiyo mwanamke wa Rotterdam aliporudi na dada zake, Hille alikuwa amejipanga. Angewaonyesha kitanda kwa mbali, mapazia yamefungwa, awape maneno mawili matatu, awatoe. Alimsihi mama mkwe wake asikohoe. Bi Machtelt hakukohoa. Alikoroma.

Dada mmoja akavuta pazia.

Palikuwa na kizee kimelala chali, kofia ya kulalia imemshukia puani, mdomo wazi, mikono kifuani.

"Huyu ni nani?" akanong'ona yule wa Rotterdam.

Hille baadaye aliapa kwamba hakufikiri. Mdomo ulifunguka wenyewe. "Ni yaya wa mfalme," alisema. "Ndiye aliyemnyonyesha. Wanamaji wetu walipoingia melini, Waingereza wote walikimbia, yeye akakataa. Alisema anamtandikia mtoto kitanda, na hatoki mpaka mtoto arudi."

"Maskini!" walisema dada wote pamoja, na mmoja wao akaanza kulia.

Hapo Bi Machtelt akafumbua jicho moja. Hille akayafumba yake yote mawili, akingoja kuumbuka. Bibi yule alikuwa amepata nafasi aliyoitafuta tangu siku ya harusi: kumvunjia heshima mkaza mwana wake mbele ya watu wa maana. Kumbe Bi Machtelt aliinuka polepole, akanyoosha mkono unaotetemeka, akasema kwa sauti nyembamba ya puani maneno ambayo hayakuwa Kiholanzi wala lugha ya Mkristo yeyote. Dada aliyekuwa akilia akampa jibini lenye bizari alilobeba kwa chakula cha njiani.

Wageni walipokwisha kushuka, mtu na mkwewe walitazamana.

"Mimi?" alisema Bi Machtelt, akiling'ata jibini. "Nimnyonyeshe yule mhuni?"

"Nisamehe, Mama. Limenitoka tu."

"Lingekutoka vizuri zaidi kama ungesema nililia. Kesho sema nimelia mpaka macho yamepoteza nuru." Akatafuna. "Na uniletee ile kofia ya kitani. Yaya wa mfalme hawezi kuonekana na hii."

Habari zilisafiri kwenye mifereji yote kwa kasi ya mashua ya siagi. Watu walikuja kutoka miji ambayo Hille aliijua kwa jina tu. Bi Machtelt aliwapokea ameketi kitandani, akiwasemesha "Kiingereza" chake, ambacho kwa kweli kilikuwa Kifrisia, lugha ya majirani zetu wa kaskazini, alichokisikia utotoni kwa wauza siagi, akikisema huku amebana pua. Waliompa ugoro aliwabariki. Waliokuja mikono mitupu aliwalilia mpaka wakaona haya. Hille naye hakulala. Tundu alilotumbukia Pouwels aliwaonyesha wageni kama mahali ambapo kapteni Mwingereza alianguka akikimbia, na watu wakainama kulichungulia wakisema kweli, kingo zake zina dalili ya woga.

Kisha yakaja maneno kwamba mwanamke akiketi juu ya kitanda kile atapata mtoto wa kiume. Hille hakuyasema. Aliyasikia kwa wageni, akaacha yapite. Tangu siku hiyo mabibi walipanga foleni hadi sitahani.

Nyumbani mambo yalibadilika bila mtu kutangaza. Wakwe bado walibishana, ila sasa walibishana kuhusu kazi.

"Leo ulilia mapema mno, Mama. Sikuwa nimefika kwenye kifo cha mbwa wa mfalme."

"Mbwa wako ananichosha. Mfanye awe kasuku."

Pouwels, mguu ukiwa umepona, alirudi kazini, lakini Hille alimpangia akae chini kabisa, kwenye tumbo la meli, akiangalia maji yanayovuja. Huko hakuna ambaye angemwuliza swali. Aliwakaribisha wageni wakauone mkuku. Hakushuka hata mmoja.

Amani na Waingereza ilikuwa imetiwa saini kiangazi kile kile, na baridi ikaja ikapita, mtu hajamkumbuka yaya isipokuwa wanaompenda. Barafu ilipoyeyuka kwenye mifereji, Bwana Verhulst, mkubwa wa bandari, alibisha mlangoni kwao uso ukiwa mweupe kuliko kola yake.

"Balozi wa Uingereza kule Den Haag amelalamika rasmi," alisema, akikaa bila kukaribishwa. "Mkataba unasema mateka wa pande zote warudishwe. Amesikia tunamshikilia yaya wa mfalme na kumwonyesha watu kama kasuku. Anasema ni fedheha kwa taji. Kesho mtu wake anakuja kumchukua."

Bi Machtelt alikuwa pale pale karibu na moto, amevaa kofia ya kawaida na kitambaa usoni kwa sababu ya jino. Bwana Verhulst hakumtambua. Na Hille alijua kwamba asingependa kumtambua. Alikuwa amempeleka mkewe mwenyewe kuketi kwenye kitanda kile baada ya miaka mingi ya kungoja. Sasa mkewe alikuwa mjamzito, na Bwana Verhulst alitembea mjini akitanua kifua kana kwamba ameiteka meli yeye.

Alipoondoka, Pouwels alisema, "Tuseme ukweli."

"Ukisema ukweli utafukuzwa kazi, na mimi nitafungwa kwenye nguzo ya aibu mbele ya soko la samaki, nipigwe vichwa vya mikunga yangu mwenyewe."

"Sasa tufanyeje?"

Hille akamtazama mama mkwe wake, aliyekuwa akinusa ugoro wa zawadi kwa utulivu. Wazo likampitia, na hakulifukuza upesi kama ilivyompasa. "London si mbali sana," alisema.

"Hille! Ni mama yangu!"

"Nasema tu si mbali."

"Huko wanakula nini?" aliuliza Bi Machtelt.

"Nyama ya kondoo, nasikia. Ya kuchemsha."

"Na jibini?"

"Sijui, Mama."

"Basi siendi," alisema Bi Machtelt. "Lakini wanibembeleze kwanza. Sijabembelezwa siku nyingi."

Hille alitarajia jitu lenye upanga. Aliyeshuka mashuani alikuwa kijana mwembamba mwenye mafua, koti limelowa, jina lake Bwana Ludlam. Alikuwa amekaa Rotterdam muda wa kutosha kukijua Kiholanzi chetu hadi matusi. Bwana Verhulst alimtangulia akiinama kila baada ya hatua.

Chumbani, Bi Machtelt aliketi wima ndani ya kofia ya kitani, macho yamejaa machozi tayari. Bwana Ludlam alivua kofia yake, akamsemesha Kiingereza kwa upole. Bi Machtelt akabana pua, akamjibu kirefu.

Bwana Ludlam akaganda. Akageuza sikio moja, kisha la pili. Katika mto ule wa maneno alielewa matatu: siagi, mkate, na jibini. Hayo yalifanana kabisa na ya kwao. Mengine hayakufanana na kitu.

"Anasema nini?" aliuliza Bwana Verhulst kwa wasiwasi.

"Nadhani," alisema Bwana Ludlam polepole, "ana njaa."

Akamgeukia Pouwels, aliyesimama mlangoni akitamani sitaha ifunguke immeze kwa mara ya pili. Hille alikuwa amemwomba mumewe ashuke chini, naye kwa mara ya kwanza alikataa. Alisema hawezi kujificha mama yake akichukuliwa.

"Wewe ndiye mlinzi?" aliuliza Bwana Ludlam. "Unamfahamu bibi huyu?"

"Namfahamu, bwana."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofumbua macho, bwana."

Bwana Verhulst aliafiki kwa kichwa, akidhani ni habari ya asubuhi ile.

"Na ni kweli kwamba alinyonyesha mtoto?"

"Ni kweli kabisa. Wa kiume, mmoja tu. Mpaka leo anamkumbusha."

"Na mtoto huyo, unadhani anamjali?"

Pouwels alimtazama mama yake. "Anampenda sana, bwana," alisema. "Ila si mtu rahisi kuishi naye."

Machozi ya Bi Machtelt, ambayo mpaka hapo yalikuwa ya kazi, yalimshuka mashavuni kwa namna nyingine. Hille aliona, kwa kuwa alikwisha kuyajua yale ya kazi yote.

Bwana Ludlam alitazama pua ya mlinzi. Akatazama pua ya yaya. Mdomo ukaanza kumcheza, akajifanya anapiga chafya. "Bwana Verhulst," alisema ndani ya leso, "ningependa kuikagua meli ya mfalme wangu. Mlinzi na mkewe watanionyesha. Wewe usisumbuke, chini kuna tope, na soksi zako ni za hariri."

Walipofika kwenye tumbo la meli, Bwana Ludlam alishika ubavu mmoja wa mwaloni akacheka mpaka akaishiwa pumzi. Hille alisimama mikono imekunjwa, hajui acheke au apige magoti. Pouwels, aliyedhani mgeni amekuja kukagua kweli, akaanza kueleza mkuku.

Na hapo likatokea jambo ambalo Hille hakuwahi kuliona. Bwana Ludlam alisikiliza. Aliacha kucheka, akasogea, akauliza. Kumbe baba yake alikuwa fundi wa meli kule kwao. Punde wakawa wanabishana kama ndugu.

"Meli zenu ni sahani!" alisema Bwana Ludlam. "Upepo ukizipiga ubavuni zinateleza kama sabuni."

"Na zenu ni minara," Pouwels akajibu. "Zikiinama kidogo, mizinga ya chini haiwezi kufunguliwa. Unabeba chuma cha bure."

"Ikiwa imesimama wima, mzinga mmoja wa chini unavunja sahani yako nzima."

"Kama utaipata. Mimi nitakuwa juu ya mchanga, nakuangalia unakwama."

Walipimapima mbao kwa viganja, wakapiga magoti kwenye maji machafu, wakachoreana kwa vidole ukutani. Hille akakaa juu ya pipa. Alikuwa amekuja kuhukumiwa, na hakimu amesahau kesi.

"Mabwana," alisema mwishowe, "huko juu kuna bibi kizee."

Bwana Ludlam akanyanyuka, akajipangusa. "Ndiyo. Nikirudi naye, balozi atamtazama yeye mara moja, kisha atanitazama mimi. Nikirudi niseme hayupo, itakuwa balozi wa mfalme ameilalamikia Jamhuri yenu nzima juu ya mama mkwe wa muuza mikunga. Hapo ni bora nirukie baharini."

"Basi sema yupo, na amekataa kuondoka," alisema Hille.

"Amekataa kwa sababu gani?"

"Jibini."

"Sababu yenye heshima, mama."

"Sema bahari itaniua!" ilisikika sauti kutoka tundu la juu, kwa Kiholanzi safi cha Hellevoetsluis. "Mwambie mfalme miguu imekataa, ila nimemsamehe yote!"

Bwana Ludlam aliinua macho. "Amejifunza lugha yenu haraka."

"Ana kichwa chepesi, bwana."

Alicheka tena, lakini kicheko hakikukaa. Aliweka kiganja juu ya mbao. "Nitasema hivyo. Ila wageni waache kuja. Mfalme hapendi watu wapande hapa kucheka, na amri ya kufunga itafika hata bila mimi." Akasita. "Baba yangu alipigilia mbao hizi. Siku habari zilipofika kwamba mmeichukua, aliketi uani na hakuingia ndani kula."

Hille alipokuwa akimsindikiza ngazini, alimfungia mkunga mnene kuliko wote kwenye majani, akamwambia ampelekee baba yake.

Bwana Verhulst alitangaza kwa sauti ya mimbari kwamba yaya, kwa ajili ya uzee, atabaki chini ya ulinzi wa Jamhuri, na kwamba meli inafungwa kwa heshima ya amani. Hakuna aliyefurahi kuliko yeye. Mkewe alijifungua kiangazi kilichofuata, akapata binti mwenye mapafu ya nahodha, na lawama zote wakampa yaya.

Kitanda kilirudi nyumbani. Kwa muda nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba majirani walikuja kuuliza kama kuna mgonjwa. Hille alirudi kuuza mikunga. Bi Machtelt aliketi karibu na moto na kuilaumu supu, lakini bila moyo, kama mtu anayepiga tarumbeta jeshi limekwisha kuondoka.

Miaka kadhaa baadaye vita vikaja tena, na meli ile haikwenda popote. Mwishowe wakubwa wakaiuza ivunjwe. Kipande cha nyuma kilichochongwa nembo ya mfalme, simba na farasi wa pembe moja, walikiondoa kwa uangalifu wakakihifadhi. Kilichobaki kikaenda kuwa milango, mihimili na kuni. Pouwels alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Alisema mkuku ulikuwa mzima kama siku ulipolazwa.

Mwaka huo huo alifika mlangoni kwao bwana mmoja wa Dordrecht, mwenye hema, ngoma, na taya la nyangumi aliyekufa ufukweni. Alikuwa anazunguka nalo kwenye magulio. Tatizo lake, alisema, ni kwamba ana nyangumi lakini hana maneno. Alikuwa amesikia kwamba Hellevoetsluis kuna mwanamke.

Hille akajipangusa mikono kwenye aproni. "Aliwahi kumeza mtu?"

"Nyangumi? Sijui, mama."

"Aliwahi," alisema Bi Machtelt kutoka kwenye kiti chake. "Alimmeza mume wangu."

"Baba alikufa kwa homa," alisema Pouwels.

Hawakumsikia. Bi Machtelt alikuwa tayari ananyanyuka kutafuta nguo zake nyeusi. Waliondoka kwa mashua ya siku iliyofuata, wamekaa juu ya taya lenyewe, kila mmoja akidai mwenziwe amechukua nafasi kubwa. Ilipopinda kwenye mfereji walikuwa bado wanabishana kama marehemu alimezwa na viatu vyake au bila.